Ruzuku za Halmashauri na Dodoso Unaloletewa Nyumbani

Mkazi wa kata ya Bulyaga, mjini Tukuyu, ni mlaji wa huduma nyingi ambazo haziuzwi dukani wala hazina risiti. Mtoto wake anasoma shule ya serikali, mama yake mzazi anatibiwa katika zahanati ya umma, na takataka za soko analonunulia ndizi huzolewa, au hazizolewi, kwa uamuzi wa ofisi. Akinunua redio mbovu atairudisha kwa aliyemuuzia. Darasa lisilo na vitabu halirudishwi popote. Kwa huduma za namna hii ulinzi wa mlaji hutegemea mambo mawili: namna fedha ya huduma inavyosimamiwa, na namna mtumiaji anavyoulizwa kama huduma imemfikia. Makala haya yanaeleza yote mawili, na zaidi yanaeleza mahali yanapokutana, maana hapo ndipo mambo mengi hupotelea.

Fedha inayozungumzwa

Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, kama halmashauri nyingine nchini, huendeshwa kwa mafungu mawili makuu. La kwanza ni mapato ya ndani, yaani ushuru, leseni na ada zinazokusanywa wilayani. Katika wilaya inayolima chai, ndizi na viazi, ushuru wa mazao si jambo dogo. Mwaka 2017 kiwango chake kilipunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Fungu la pili ni ruzuku, yaani fedha ambazo Serikali Kuu huipelekea halmashauri kwa ajili ya mishahara, matumizi mengineyo na miradi ya maendeleo. Kwa halmashauri zilizo nyingi ruzuku ndiyo fungu kubwa kuliko lote, na ndani ya ruzuku mishahara ndiyo inayochukua sehemu kubwa.

Wengi huita ruzuku pia ile mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo si ruzuku. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyogawanywa nne, nne na mbili. Hukopeshwa bila riba na sharti irejeshwe. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tofauti hii ina maana kwa mlaji, kwa sababu anayedhani amepewa ruzuku hajiandai kurejesha.

Ruzuku iliyo rahisi zaidi kwa mzazi kuifuatilia ni ya uendeshaji wa shule za msingi. Kiwango kilichotumika katika utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016 ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ikitengwa kwa ununuzi wa vitabu. Basi, tuseme shule fulani ina wanafunzi 600. Hesabu ya kichwani inatosha: shilingi 6,000,000 kwa mwaka, au 500,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa sehemu ya vitabu. Mzazi anayeijua hesabu hiyo huingia katika kikao cha wazazi akiwa na swali mahususi, naye mwalimu mkuu aliyepokea pungufu hupata mtu wa kumsaidia kudai.

Wanaosimamia, na maana ya hati safi

Mkurugenzi Mtendaji na wataalamu wake ndio wanaotumia fedha. Madiwani ndio wanaowasimamia, kupitia Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango na kupitia Baraza lenyewe, ambalo hukutana kila robo ya mwaka na vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Ndani ya halmashauri yupo mkaguzi wa ndani. Kutoka nje huja Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye mamlaka yake yanatokana na ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi kisha hupelekwa bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huweza kuwaita watendaji kujieleza.

Hapa pana neno linalowapotosha wengi. Mkaguzi hutoa hati, na hati inayoridhisha, ambayo mitaani huitwa hati safi, hutangazwa kwa furaha. Maana yake ni kwamba hesabu zilizowasilishwa zinaonyesha kwa usahihi, katika mambo ya msingi, fedha iliyoingia na iliyotoka, kwa kufuata viwango vya uhasibu. Haina maana kwamba kila shilingi ilinunua kitu chenye thamani yake. Choo cha shule kinaweza kuwa na hati ya malipo, mkataba na sahihi zote zinazotakiwa, na bado kikajaa maji kila masika. Mkaguzi huweza kuliibua jambo kama hilo katika hoja za ukaguzi, lakini hawezi kufika kila shule katika kila wilaya kila mwaka. Aliyepo kila siku ni mwanafunzi anayekitumia, na mwalimu wake.

Kwa hiyo ukaguzi unahitaji mwenzake, naye ni dodoso.

Funzo la Uganda

Mfano unaotajwa zaidi katika eneo letu ulitokea kwa jirani. Watafiti nchini Uganda walizitembelea shule za msingi 250 za serikali na kulinganisha ruzuku iliyotumwa kati ya mwaka 1991 na 1995 na ile iliyoandikwa katika vitabu vya shule zenyewe. Vitabu vya Hazina vilionyesha kwamba fedha imetoka. Vitabu vya shule vilionyesha kwamba, kwa wastani, ni asilimia 13 tu iliyofika, na shule nyingi hazikupata chochote. Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na baadaye shule nazo zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Uchunguzi uliorudiwa mwaka 2001 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ikifika.

Wako wanaosema kwamba matangazo pekee hayawezi kupewa sifa yote, kwa kuwa katika miaka hiyo Uganda ilifanya mageuzi mengine pia ya fedha na elimu. Ni hoja ya haki. Hata hivyo, bila watu kwenda shuleni na kuuliza, upotevu ule usingejulikana ukubwa wake, na hakuna mageuzi ambayo yangeelekezwa kwake.

Nchini kwetu taasisi ya utafiti ya REPOA iliwahoji wananchi wa halmashauri sita (Ilala, Bagamoyo, Kilosa, Iringa, Moshi na Mwanza) mwaka 2003, ikarudi mwaka 2006 na tena mwaka 2013. Katika duru ya kwanza waliohojiwa walikuwa 1,260, na walio wengi walisema hawajawahi kuona tangazo lolote la kodi na ada zilizokusanywa katika eneo lao. Sheria zilitaka taarifa za fedha ziwekwe wazi, lakini aliyeulizwa nyumbani kwake alikuwa hajaziona. Pengo la namna hiyo hutokea kwa kuuliza tu. Haliko katika leja yoyote.

Dodoso linapokufikia

Mdadisi akibisha hodi, usiangalie kwanza wingi wa maswali yake. Angalia namna alivyofika kwako. Watu 210 wakichaguliwa kwa bahati nasibu huweza kuisemea halmashauri nzima kwa kukosea takriban asilimia saba juu au chini, na kwa maamuzi mengi usahihi huo unatosha. Watu 2,000 waliochaguliwa na kiongozi wa kitongoji kwa sababu ni wasikivu hawaisemei halmashauri hata kidogo. Ni halali kumuuliza mdadisi: nyumba yangu imechaguliwaje?

Kwa Rungwe pana tatizo lake. Bulyaga iko mjini, karibu na ofisi za halmashauri na karibu na barabara kuu ya lami itokayo Uyole kwenda Kasumulu. Mwezi wa Machi na Aprili, mvua ya Tukuyu inapokuwa haikatiki, ni rahisi mno kwa mdadisi kukaa kando ya lami na kuziacha Masukulu au Ikuti kwa siku nyingine ambayo haiji. Matokeo yatakuwa ya kupendeza, na yatakuwa ya watu walio karibu na huduma. Diwani anayepelekewa ripoti ya dodoso aulize idadi ya waliohojiwa kwa kila kata kabla ya kusoma asilimia ya walioridhika.

Pili, sikiliza swali lenyewe. “Je, umeridhika na huduma za elimu?” ni swali lisilodai jibu la kweli. Mgeni amekuja na daftari, amekaribishwa kiti, na kwa desturi zetu mgeni hajibiwi kwa ukali. Mzee aliyezoea kuzungumza Kinyakyusa atasema mambo ni mazuri, tunashukuru. Mwulize mzee huyohuyo, kwa lugha yake, katika wiki nne zilizopita mjukuu wake alirudi na kitabu cha hisabati mara ngapi, na alipokwenda zahanati aliambiwa akanunue dawa ipi dukani. Atakutajia siku na jina la dawa. Ukikutana na swali la jumla, una hiari ya kulijibu kwa mfano mahususi na kumwomba mdadisi auandike.

Tatu, linda taarifa zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa kueleza anazikusanya kwa kusudi gani. Dodoso la kuridhika na huduma halihitaji namba yako ya kitambulisho cha taifa, wala namba ya siri ya simu, wala picha ya kadi ya benki. Anayeviomba hafanyi utafiti.

Mtumishi naye aulizwe

Tumezoea kumwona muuguzi na mwalimu kama wanaolalamikiwa. Katika suala la ruzuku wao ndio mashahidi wa karibu zaidi. Muuguzi anajua tarehe dawa zilipokwisha. Mtendaji wa kata anajua mradi uliosimama na sababu ya kusimama kwake. Halmashauri inayowauliza wananchi bila kuwauliza watumishi wake itajua kwamba huduma ni mbovu, lakini haitajua ni kwa nini.

Ugumu uko katika hofu, na hofu hiyo ina msingi. Dodoso likidai kwamba “halihitaji jina” lakini likataka kituo cha kazi, cheo, jinsia na miaka ya utumishi, basi katika zahanati yenye watumishi watatu jina limekwisha kuandikwa. Njia ya kufaa ni kuunganisha vituo vidogo kabla ya kutoa takwimu, na kutochapisha jibu lolote la kundi la watu wachache. Kwa maoni yetu kazi hiyo isifanywe na ofisi inayowapangia haohao vituo vya kazi. Mkaguzi wa ndani au chuo cha nje ni bora zaidi. Mtumishi mwenye habari za ubadhirifu, ambazo ni nzito kuliko maoni, asizitie ndani ya dodoso. Kwa hizo ipo Sheria ya Ulinzi kwa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na ipo namba 113 ya TAKUKURU, isiyo na malipo.

Majibu yarudi yalikotoka

Dodoso lililojazwa na kufungiwa kabatini ni gharama tupu. Matokeo yanapaswa kufikishwa mbele ya Baraza la Madiwani kama yalivyo, kwa kuwa menejimenti inayopimwa haifai kuwa ndiyo inayochuja kipimo. Kisha yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, kando ya taarifa ya ruzuku iliyopokelewa. Mkazi akiziona karatasi mbili zikiwa zimepakana, moja ikisema fedha ya vitabu imefika na nyingine ikisema watoto hawana vitabu, hahitaji mtaalamu wa kumweleza swali la kuuliza.

Ikiwa hakuna kilichobandikwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ombi liwe la maandishi, lielekezwe kwa Mkurugenzi Mtendaji, na litaje kitu kimoja tu: kwa mfano, ruzuku ya uendeshaji iliyopokelewa na shule fulani kati ya Julai na Desemba, au matokeo ya dodoso la mwaka fulani kwa kata ya Bulyaga. Ombi la “taarifa zote za fedha” ni rahisi kulikwepa. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 30 huhesabiwa kutoka hapo, na nakala hiyo ndiyo utakayompa diwani wako ikiwa siku zitapita bila jibu, ili alisimamishe jambo lako katika kikao cha robo mwaka kinachofuata.