Fahamu: Karo la maji taka nalo linahitaji kibali
Jijini Dar es Salaam nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la maji taka, zinategemea karo. Wengi hufuatilia kibali cha nyumba, kisha karo huachiwa fundi. Hapo ndipo balaa huanzia. Ramani unayopeleka halmashauri inapaswa kuonyesha karo na shimo la kufyonzea maji yake ardhini, na afisa afya huikagua. Hutazama umbali kutoka kisimani, mpaka wa jirani, njia ya gari la kunyonya na, zaidi ya yote, kina cha maji ya ardhini. Pale maji hayo yalipo juu, kama Mikocheni, shimo refu hupeleka uchafu moja kwa moja kwenye maji ya visima. Fundi asilifukie karo kabla afisa hajaliona.