Bata wa Susan Linn na kuta za maduka ya Mbooni

Mbooni ni nchi ya maembe na machungwa. Ukipita Tawa au Kikima msimu wa maembe utayakuta yamerundikwa kando ya barabara, na mengine huteremka hadi huku kwetu Pwani. Lakini mpe mtoto wa huko shilingi hamsini, umwambie akajinunulie anachokitaka. Usishangae akirudi na chupa ya kinywaji chenye ladha ya embe. Embe analijua, tena huenda mti uko uani kwao. Shida ni kwamba embe halina wa kulisemea. Chupa ina picha ya mnyama anayecheka, na mnyama huyo mtoto amekwisha kumwona kwenye televisheni, kwenye simu ya mama na kwenye ukuta wa duka uliopakwa rangi ya kampuni.

Nguvu ya mnyama huyo inaelezwa vizuri sana na mama mmoja wa Marekani, Susan Linn. Ni mwanasaikolojia, na pia ni mchezesha vikaragosi mwenye ufundi wa kusema bila midomo yake kutikisika. Kikaragosi chake mashuhuri ni bata aitwaye Audrey. Kwa miaka mingi Linn alikuwa akienda na vikaragosi vyake katika hospitali ya watoto ya Boston. Mtoto anayengoja upasuaji huwa hamwambii daktari kwamba anaogopa. Mama pia huenda asimwambie. Lakini bata akisema, "Mimi naogopa sindano," mtoto humjibu, na palepale mazungumzo yanaanza. Mtoto mdogo humwamini kikaragosi hata anapouona mkono uliomo ndani yake.

Linn alijua mlango huo unavyofunguka, kwa hiyo alipowaona wenye viwanda wakiupitia alielewa mara moja wanachokifanya. Yeye humtumia bata ili mtoto aseme yaliyomo moyoni mwake. Kampuni humtumia mnyama wake wa katuni kumtia mtoto moyoni jambo ambalo halikuwamo. Njia ni ileile. Anayefaidika ndiye tofauti.

Wataalamu wanamuunga mkono. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilisema kwamba watoto walio chini ya miaka 8 hawana uwezo wa kutambua kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Hulichukua kama habari ya kweli. Jopo likapendekeza matangazo yanayowalenga watoto wa umri huo yawekewe mipaka. Mkoa wa Quebec, Kanada, ulikuwa umekwisha kupiga marufuku matangazo ya biashara kwa watoto walio chini ya miaka 13 tangu 1980. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilifanya kinyume: liliinyang'anya tume ya biashara uwezo wa kutunga kanuni ya namna hiyo.

Mwaka 2000 Linn alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampeni ya kutaka utoto usio na biashara, ambayo leo inaitwa Fairplay. Mwaka 2006 waliishtaki kwa tume hiyo kampuni ya Baby Einstein, iliyokuwa mali ya Disney, kwa kuwauzia wazazi video za watoto wachanga kana kwamba zinaelimisha. Mwaka 2009 Disney ikakubali kuwarudishia wazazi pesa zao. Ushindi huo ulikuwa na gharama. Mwaka uliofuata gazeti la New York Times liliripoti kwamba kituo cha watoto kilichokuwa kikiihifadhi kampeni hiyo kiliitaka ihame, baada ya watu wa Disney kuwasiliana na kituo hicho.

Najua jibu la wengi: mzazi si akatae tu? Ni jibu jepesi kwa asiyekuwa na mtoto wa miaka minne mkononi, mbele ya duka, saa kumi na mbili jioni. Mwaka 1998 kampuni moja ya matangazo ya Marekani ilidhamini utafiti kuhusu namna watoto wanavyowang'ang'ania wazazi mpaka wanunue. Haikuwa kwa ajili ya kumpumzisha mzazi. Ilitaka kujua kilio cha aina gani kinauza zaidi. Mama wa Mbooni aliyetoka shambani anapambana na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Na sisi wa Pwani tusijione tuko mbali. Kachiri za muhogo, mabuyu na achari ya embe mtoto anazijua kwa mama anayeziuza, ambaye ana jina na anaweza kuulizwa ametia nini. Pakiti yenye katuni haiulizwi.

Sheria zetu zimegusa pembeni. Sheria ya mwaka 2012 inakataza kuutangazia umma maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, jambo linalohusu michezo ya simu inayompa mtoto katuni huku ikimchunguza anapenda nini. Katiba nayo, kifungu cha 46, inaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima.

Kuta ni jambo jingine, na hapo hatuhitaji kuingojea Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limeyaweka matangazo ya nje mikononi mwa kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Kwa pombe mfano tunao: sheria ya 2010 inataka baa iwe umbali wa angalau mita 300 kutoka shuleni. Bunge la Kaunti ya Makueni linaweza kuuliza ukuta unaotazamana na lango la chekechea umepakwa picha ya nani, na amelipa kiasi gani. Mabunge ya Mombasa, Kwale na Kilifi yanaweza kuuliza swali hilohilo, na wawakilishi wa wadi wanaolipeleka ni hawahawa tunaokutana nao msikitini, kanisani na sokoni.