Utando unaofura ili kunusa sumu angani

CHOMBO cha angani hakina dirisha la kufungua. Kemikali ikivuja humo, wanaanga huendelea kuvuta hewa ile ile, na pua ya binadamu si mlinzi wa kutegemewa kwani huizoea harufu upesi.

Ndiyo sababu watafiti wa maabara ya Jet Propulsion Laboratory jijini Pasadena, Marekani, waliliundia shirika la NASA kifaa kiitwacho ENose, yaani pua ya kielektroniki. Siri yake ni tabia moja ya polima, jamii inayojumuisha plastiki na mpira: hufura zikikutana na mvuke wa viyeyushi kama vile spiriti.

Polima ni minyororo mirefu ya molekuli, iliyosongamana mithili ya nyuzi za katani. Molekuli za mvuke hujipenyeza katikati, zikaitenga minyororo hiyo, na utando ukanenepa. Kwa kuwa umegandishwa upande wa chini, hauna pa kutanukia ila juu. Mvuke ukiondoka, utando hunywea tena, jambo ambalo maharagwe yaliyolowekwa hayaliwezi kwa wepesi huo.

Wembamba nao una maana yake. Unene wa utando ukiongezwa mara 2, muda wa mvuke kupenya huwa mara 4. Ukiongezwa mara 10, muda huwa mara 100. Anayesubiri onyo la sumu hana muda huo.

Hata hivyo, kufura huko hakuonekani kwa macho. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa chuo cha Caltech walichanganya polima na chembe za kaboni, mfano wa masizi. Chembe zikigusana hupitisha umeme. Utando ukifura hutengana, na umeme ukapita kwa taabu. Taabu hiyo ndiyo inayopimwa.

Polima moja haitoshi. Ipendayo maji hufurishwa zaidi na alkoholi, na iyakataayo maji huvutiwa na mivuke ya jamii ya petroli. ENose ilitumia vihisio 32, kompyuta ikasoma mchoro wa majibu yao kwa pamoja.

Oktoba 1998, kifaa hicho kilipaa na chombo cha Discovery. Dunia ilimtazama zaidi mzee John Glenn, aliyekuwa na umri wa miaka 77, kuliko kijisanduku hicho. Kila siku wanaanga walikijaribu kwa kitambaa chenye alkoholi, nacho kikaitambua. Lakini kilihisi pia mabadiliko ya unyevu, kwani mvuke wa maji nao hufurisha polima. Kutenganisha unyevu na sumu ni kazi ngumu. Mwaka 2008 toleo jingine lilipelekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, likiwa limefunzwa kutambua kemikali kadhaa, amonia ikiwamo.

Amonia huzunguka katika mabomba ya kupoza kituo hicho. Januari 2015, ingawa ENose haikuhusika, king'ora cha amonia kililia, wanaanga wakakimbilia sehemu ya Warusi na kujifungia humo kwa saa kadhaa. Ilibainika baadaye kwamba hakuna kilichovuja.