Rangi za Samaki wa Matumbawe (Sehemu ya Pili): Mwenye Buluu ya Kweli

Wiki iliyopita tulieleza kuwa njano, nyekundu na nyeusi za samaki hutokana na seli za ngozi zilizobeba chembe za rangi. Buluu ina habari nyingine. Samaki wengi tunaowaona wa buluu, wakiwemo kangaja wa buluu wa bahari yetu, hawana chembe yoyote ya rangi hiyo. Ngozini mwao mna fuwele nyembamba mno, zimepangwa tabaka kwa tabaka. Mwanga ukizipiga, sehemu yake ya buluu ndiyo inayorudishwa machoni petu.

Samaki mandarini, ambaye kitaalamu huitwa Synchiropus splendidus, ameuvunja utaratibu huo. Huishi magharibi mwa Pasifiki, kuanzia visiwa vya Ryukyu vya Japani, kupitia Ufilipino na Indonesia, hadi Australia. Ni mdogo, urefu wake sentimita 6 hivi, kichwa kipana na macho yaliyotokeza. Mwili wake ni wa buluu iliyokolea, umezungukwa na mistari ya rangi ya chungwa inayojipindapinda kama nakshi za mlangoni. Usoni mna kijani na samawati. Dume hutambulika kwa mwiba mrefu uliosimama mwanzoni mwa pezi la mgongo.

Mwaka 1995, wanasayansi wa Kijapani Goda na Fujii walitangaza kuwa buluu yake hutoka kwenye seli zenye chembe za buluu zenyewe. Walizikuta pia kwa ndugu yake, Synchiropus picturatus. Hadi leo, wanyama wenye uti wa mgongo wanaojulikana kuwa na seli za namna hiyo ni wachache sana.

Ngozi ya mandarini haina magamba. Badala yake hufunikwa na ute mzito wenye harufu mbaya na ladha chungu, na huenda rangi zake kali ni onyo kwa wanaotaka kumla.

Uzuri huo umemletea balaa. Huvuliwa kwa ajili ya matangi ya mapambo, na wengi hufa njaa humo, kwa kuwa chakula chao ni viumbe hai vidogo mno wanaovidonoa mwambani siku nzima. Anayempenda kwa dhati amwache kwenye matumbawe yake.

Wiki ijayo: samaki wanaobadili mavazi wakikua.

Itaendelea