Je, Wajua? Kiplombe Inakumbukwa, Eldoret Inasahaulika

Ukiwa Kiplombe, Eldoret, na umehama Microsoft Word ukaanza kuandikia LibreOffice Writer, utaona programu hii mpya ikikumalizia maneno. Hukusanya maneno unayoyaandika. Ukirudia herufi 3 za mwanzo, hukuonyesha neno zima, nawe ukibonyeza Enter linaingia. Ila huokota yale ya herufi 8 au zaidi tu. Hesabu: K-i-p-l-o-m-b-e, 8 kamili! Eldoret ina 7, kwa hiyo utaiandika yote kila mara, mpaka upunguze kiwango hicho kwenye mipangilio. Kwa Kiswahili hii ni neema kubwa, maana maneno yetu ni marefu: halmashauri, mwenyekiti, waliohudhuria.

Vifupisho vya AutoText ulivyoviweka kwenye Word ili vipanuke kuwa maneno kamili havikufuati vyenyewe unapohamia Writer. Kwa kawaida vimekaa kwenye kiolezo cha Word kiitwacho Normal, si ndani ya barua zako, basi usikifute. Ndani ya Writer bonyeza Ctrl na F3, tafuta Import, ukichague kiolezo hicho. Baada ya hapo andika kifupisho chako, tuseme “kug”, bonyeza F3, na “Kaunti ya Uasin Gishu” inajitokeza yote.