Tusipite Kando



Binti apitaye stendi au sokoni hapa Babati ana haki ya kufika aendako pasipo kutupiwa maneno ya aibu wala kushikwa mkono. Lakini mara nyingi mmoja hutukana, na kumi husimama wakicheka au wakinyamaza. Matusi hupata nguvu kwa hao kumi.

Majirani zetu Wabarabaig, wa pande za Mlima Hanang, walilijua jambo hili tangu zamani. George Klima, aliyeandika habari zao mwaka 1964, alieleza ya kwamba mwanamume akimkosea mwanamke, baraza la wanawake hukutanika, huamua shauri, na kumtoza mkosaji ng'ombe dume. Akikataa kulipa, laana yao humngoja. Tazameni: aliyeonewa ni mmoja, wasimamao ni wote.

Serikali nayo, kwa sheria ya mwaka 1998, imefanya kosa kumsumbua mtu kwa maneno au vitendo vya aibu. Lakini sheria bila shahidi ni jembe bila mpini.

Kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa njiani, wakapita kando. Sisi tusipite. Usikiapo binti akitukanwa, mwendee yeye kwanza; msalimu kama mwanao, mwulize aendako, msindikize. Akitaka kushtaki, uwe shahidi wake.

Nanyi wazazi na waalimu, wafundisheni wavulana mapema. Maana mtoto asikiaye babaye akimdhihaki mamaye nyumbani, atayachukua maneno yale mpaka njiani.