Kifyatuo na kitanzi: Vifaa vidogo vinavyoamua shabaha ya upinde wa roda

MICHEZO ya Olimpiki itakayofanyika Los Angeles, Marekani, mwaka 2028 itakuwa ya kwanza kuupokea upinde wa roda, ambao wapenzi wa mchezo huo huuita kompaundi.

Uamuzi huo, uliotangazwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwezi Aprili mwaka 2025, unahusu shindano moja tu, la timu mchanganyiko ya mwanamume na mwanamke. Hata hivyo, shindano hilo litawaleta mbele ya watazamaji wa dunia nzima wapiga upinde ambao hawaugusi upote kwa vidole.

Mkononi mwa kila mmoja wao mtazamaji ataona kifaa kidogo cha chuma, kinachoenea kwenye kiganja. Hicho ndicho kifyatuo. Kazi yake ni kuuvuta upote, kuushikilia wakati mpigaji analenga, kisha kuuachia kwa namna ile ile kila mara. Nacho aghalabu hakishiki upote wenyewe, bali hushika kitanzi cha kamba kilichofungwa pale mshale unapokaa.

Vifaa hivyo viwili ni miongoni mwa vidogo alivyo navyo mpigaji, lakini ndivyo vya mwisho kushikamana na mshale kabla haujaondoka. Uchaguzi mbaya unaweza kumpotezea alama, kumvunjia upinde na hata kumjeruhi usoni.

Kwa nini vidole havitoshi

Upinde wa asili, kama ule wanaoutumia Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, huzidi kuwa mzito kadiri unavyovutwa. Mvutaji hapati nafasi ya kutulia. Huvuta, hulenga na kuachia kwa muda mfupi. Kwa kazi hiyo vidole vinatosha.

Upinde wa roda una tabia nyingine. Ulibuniwa na Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Kwenye ncha zake mna magurudumu yanayokumbusha roda za kupandishia tanga la jahazi, ila mhimili wake haukupita katikati. Kwa sababu hiyo uzito wa kuvuta hupanda upesi mwanzoni, kisha hushuka upote unapokaribia uso wa mpigaji.

Kwa mfano, upinde wa ratili 60, yaani takriban kilo 27, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa katika mashindano ya shirikisho la mchezo huo duniani, ukipungua kwa asilimia 80 humwachia mpigaji ratili 12 tu za kushikilia. Hizo ni kama kilo tano na nusu. Ndiyo maana anaweza kutulia kwa sekunde kadhaa akilenga.

Wepesi huo una gharama yake. Pinde hizi ni fupi, hivyo upote uliovutwa hadi mwisho hukunjika kwa pembe kali na kuvibana vidole. Isitoshe, upote unaposhikiliwa kwa uzito mdogo hauvitoki vidole kwa urahisi; hujiviringisha kandokando yake na kuutikisa mshale upande.

Mtikisiko huo si jambo dogo. Katika mashindano ya nje shabaha huwekwa umbali wa mita 50, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 8 tu. Katika fainali ya wanaume ya upinde wa roda, kundi la wazi, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Paris mwaka 2024, Mmarekani Matt Stutzman alipata alama 149 kati ya 150, na mpinzani wake kutoka China akapata 147. Mishale 15 kila mmoja, na tofauti ilikuwa alama mbili.

Wazo la kuweka kifaa kati ya upote na kidole ni la kale. Waturuki, Wamongolia na Wachina walivaa pete ya kidole gumba kwa karne nyingi ili kuvutia pinde zao. Kanuni za kimataifa za leo zinaruhusu kifyatuo kwa wapigaji wa upinde wa roda, kwa sharti kwamba kisiwe kimeunganishwa na upinde na kisitumie umeme. Wapigaji wa pinde zisizo na roda wanaendelea kutumia vidole vyao, vikiwa vimekingwa kwa ngozi au pete.

Aina nne za vifyatuo

Aina ya kwanza ni ile ya mkanda wa kifundo cha mkono, inayofyatuliwa kwa kidole cha shahada. Uzito wa upinde hubebwa na mkanda, hivyo vidole havichoki, na kifaa hakiwezi kuanguka wala kupotea porini. Ndiyo inayopendwa na wawindaji na wanaoanza kujifunza.

Kasoro yake ni kwamba kidole cha shahada kimezoea kutii jicho haraka mno. Mpigaji akiona alama ya kulengea imegusa katikati ya shabaha, kidole hushtuka na kugonga kifyatulio, na mkono mzima hutikisika. Jambo hilo likirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa ugonjwa unaojulikana katika mchezo huu kama hofu ya shabaha. Mwenye nao hushindwa hata kuituliza alama katikati, kwa kuwa mwili unaogopa kile kinachofuata.

Aina ya pili hushikwa kiganjani na kufyatuliwa kwa kidole gumba. Mpigaji mwenye ujuzi hakibonyezi kitufe. Hukizungusha kidole gumba kwenye kitufe na kukituliza, kisha huendelea kuvuta kwa misuli ya mgongo mpaka shinikizo lifikie kiwango chake. Kifaa hiki humpa mpigaji uhuru wa kuamua wakati, na pia humfundisha kutumia mgongo. Wengi huanza nacho na kubaki nacho miaka yote.

Aina ya tatu ni ya bawaba, nayo haina kitufe kabisa. Kichwa chake huzunguka kwenye mhimili mkono unapobadili pembe kidogo, na kwa kufanya hivyo huuachia upote. Mpigaji hajui hasa ni sekunde ipi mshale utaondoka, basi hana cha kushtukia. Kwa sababu hiyo kifyatuo cha bawaba kimekuwa dawa inayotumiwa na makocha wengi kutibu hofu ya shabaha.

Lakini dawa hiyo ni kali. Mtu asiyejua akiuzungusha mkono wakati bado anavuta, upinde huachia ukiwa katika uzito wake mkubwa na ngumi yake humrudia mdomoni. Njia salama ni kuvuta kwa nguvu ya kidole cha shahada, kidole gumba kikiwa kimeegemea kwenye kijiti chake, na kulegeza polepole baada tu ya mkono kutulia chini ya taya.

Aina ya nne hufyatuka kwa uzito. Mpigaji hubana kizuizi cha usalama kwa kidole gumba wakati wa kuvuta, akifika mwisho hukiachia, kisha huongeza nguvu ya kuvuta mpaka kifaa kifyatuke chenyewe. Hupimwa kwa kukipa ratili chache zaidi ya zile zinazoshikiliwa upinde ukiwa umevutwa. Aliyebadili upinde, au aliyebadili uzito wa upinde ule ule, ni lazima akipime upya. La sivyo kitafyatuka mapema, au hakitafyatuka kabisa.

Mdomo wa kifyatuo nao una aina zake. Kuna unaofumba kama koleo, na kuna ulio wazi mfano wa ndoana. Ndoana hunasa kitanzi kwa haraka bila kuangalia, ila huweza kuchomoka mkono ukilegea kabla ya kuanza kuvuta. Koleo linalofumba pande zote ni salama zaidi kwa mgeni. Kwa vyovyote, kingo za mdomo ziwe laini, kwani chuma chenye ukwaruzo hukata kitanzi kidogo kidogo bila mwenyewe kujua.

Kitanzi na kazi yake

Baadhi ya vifyatuo huweza kuushika upote moja kwa moja. Njia hiyo ni rahisi, lakini chuma hula uzi mwembamba uliozungushiwa upote kuulinda. Aidha, kifyatuo kikishika chini ya mshale hausukumi ukiwa sawa, bali huuinua kwa nyuma.

Kitanzi huondoa matatizo yote mawili. Kwa kuwa ncha zake zimefungwa juu na chini ya mkia wa mshale, nguvu ya kuvuta huwa nyuma ya mshale hasa. Chuma hugusa kamba, na kamba hubadilishwa kwa gharama ndogo. Upote ni ghali na kuubadilisha kunahitaji mashine ya kuukandamiza upinde.

Vipo pia vitanzi vya chuma. Havichakai upesi, lakini huuongezea upote uzito na kuupunguzia mshale mwendo, na chuma kinachogusana na chuma hulika. Wapigaji wengi wamebaki na kamba ya poliesta iliyosukwa, yenye unene wa milimita 2 hivi.

Kipande cha urefu wa sentimita 11 hivi hutosha kitanzi kimoja. Ncha zake huchomwa kwa kiberiti mpaka ziyeyuke na kufanya kifundo kigumu kitakachozuia kamba kuteleza. Mafundo mawili hufungwa yakielekea pande tofauti za upote, moja kushoto na jingine kulia, ili kitanzi kisizunguke. Kisha koleo huingizwa ndani ya kitanzi na kufunguliwa kwa nguvu mpaka mafundo yakaze.

Kati ya fundo la juu na la chini mshale uachiwe nafasi ndogo ya kupumua. Upote unapokunjika mafundo husogeleana, na kama yaliubana mkia wa mshale tangu mwanzo, mshale huinuka kutoka mahali pake au huondoka umepinda. Wengi hufunga uzi mwembamba juu na chini ya mshale, ndani ya kitanzi, ili kuilinda nafasi hiyo.

Urefu nao una maana. Kitanzi huurudisha mkono nyuma kwa kiasi cha sentimita moja au zaidi, hivyo anayekifunga kwa mara ya kwanza huona upinde umekuwa mrefu kwake. Hali hiyo hutokea pia kwa aliyetoka kwenye mkanda wa kifundo na kuhamia kifyatuo cha kiganjani, kwa kuwa mkono hukaa mahali pengine kwenye taya. Baada ya badiliko lolote la namna hiyo, urefu wa kuvuta na tundu la kulengea lililo kwenye upote vipimwe upya.

Namna ya kuchagua

Anayeanza hana haja ya kununua kifaa cha bei ya juu. Kilicho muhimu ni kukienea kwa mkono. Kwa kifyatuo cha mkanda, urefu urekebishwe mpaka kidole cha shahada kikizunguke kifyatulio kwa pingili, si kwa ncha. Kosa la kuacha mkanda mrefu ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi. Kwa kifyatuo cha kiganjani, vidole vikae bila kujinyoosha, na kifundo cha mkono kibaki kimenyooka na kulegea.

Klabu nyingi huwa na vifyatuo vya kuazima, na ni busara kujaribu aina mbili au tatu kabla ya kutoa fedha. Mwenye hofu ya shabaha aende kwenye bawaba au kile cha uzito, chini ya macho ya kocha. Mwindaji, ambaye huenda akasubiri kwa saa nyingi kisha akahitaji kupiga papo hapo, atanufaika zaidi na mkanda au kidole gumba.

Kifyatuo kipya hakijaribiwi kwanza kwenye upinde. Hufungwa kwenye uzi mgumu wenye urefu sawa na wa kuvuta, mkono mmoja ukishika uzi na mwingine kifyatuo, na zoezi likarudiwa mpaka mwili uelewe. Baadaye mpigaji husogea mita chache mbele ya shabaha kubwa, mshale ukiwa kwenye upote. Upinde wa roda haufyatuliwi kamwe bila mshale, kwani nguvu yote hurudi kwenye mbao na roda na huweza kuzivunja.

Kitanzi kikaguliwe kila siku ya mazoezi. Kikionyesha nyuzi zilizosimama, au kifundo cha ncha kikiwa kimepungua, kibadilishwe siku hiyo hiyo. Kikikatika upinde ukiwa umevutwa, mkono humpiga mwenyewe usoni na mshale huenda usikokusudiwa, mahali ambapo huenda pana watu.

Kwa baadhi ya wanamichezo, kifyatuo ndicho kilichowafungulia mlango wa mchezo huu. Stutzman alizaliwa bila mikono. Huushika upinde kwa mguu, na kifyatuo chake kimefungwa kwenye mkanda wa begani, kikiachia kwa msukumo wa taya. Sheetal Devi wa India, ambaye naye hana mikono na hupiga kwa njia inayofanana na hiyo, alitwaa medali ya shaba ya timu mchanganyiko huko huko Paris akiwa na umri wa miaka 17, pamoja na mwenzake Rakesh Kumar.

Wapigaji hao walilazimika kutafuta kifyatuo kinachoufaa mwili wa kila mmoja wao, wakakirekebisha na kukizoea mpaka kikatenda kazi ile ile kwa kila mshale. Mwenye mikono miwili naye hana njia nyingine ya kuchagua.